Baba Amempelekea Kompyuta Kuku

Baba Lukresia,

Viazi viko chunguni, ~~mpelekee na baba yako~~ kula mwenyewe, baba yako hayupo. Amekwenda kliniki na kuku mweupe.

Usicheke. Juzi nesi Eufrasia alibonyeza ile kompyuta yao mpya, ikasema damu ya mzee imeanza tena kuwa nzito, aulizwe kama amezidisha mboga za majani. Kumbe kamaliza chungu kizima cha nsansa, yale majani makavu ya kunde, kwa shangazi yako! Sasa anasema ile si mashine, ni mfumu, mganga wa ramli, na leo anakwenda kuiuliza nani aliiba ng'ombe wake. ~~Kama ni wewe uliyemuuza~~ Hilo tutaongea.

Shida ni kidonge chake cha damu. Jana jioni alikataa kukimeza, na asubuhi kakataa tena. "Kwa mfumu huendi na dawa ya mwingine tumboni." Nikamwambia, "Baba, hata hiyo dawa ni ya kliniki hiyo hiyo." Akasema mkamwana kazidi mdomo. Na damu ikiganda tena mguuni, safari hii tunaweza kumpoteza.

Namfuata na kidonge. Kumshika mkono baba mkwe siwezi, nitatembea nyuma yake kama mbuzi wake.

Mtoto yuko kwa Mama Pantaleo. Funga mlango ukitoka.

Tukifika nitamvuta nesi pembeni. Akisema kidonge bado kinafaa, basi aifanye mashine imwamuru mzee ameze palepale. Halafu iongeze kwamba nyumbani kwake mkamwana asikilizwe.

Mkamwana wa nyumba hii