Yai la Tausi Ndani ya Kaniki

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijaharibikiwa, mimi ni Mwanaisha wa Lupaso, anayeniandikia ni Mwalimu Bartholomayo, mume wangu Husseni alikuwa akilisha tausi wa Mdachi mmoja kule Nanganga, vita vilipofika Mdachi akakimbia, Husseni akaleta nyumbani mayai manne, tukamwekea kuku wetu aatamie pamoja na matatu ya kwake, kisha Husseni akanyweshwa maji ya dawa ya vita, yaliyobaki kibuyuni akayanyunyizia mayai akisema, "Yakitotoa haya, jua mimi mzima," akaenda zake. Siku ya ishirini na moja mayai ya kuku yakatotoa, kuku akaondoka na vifaranga wake, ya tausi yakabaki kimya, mama mkwe wangu Somoe akapiga yowe, "Mwanangu hayupo tena!" nikavishwa kaniki, nikakalishwa eda, na shemeji yangu Muharami amekwisha kusema eda ikiisha atanirithi. Moyo wangu haukukubali, nikayafunga mayai tumboni ndani ya kaniki, nikalala nayo nikiogopa kujigeuza, na jana, siku ya ishirini na saba, moja likalia, tena kwa sauti ya Husseni anaponiita kutoka shambani, nami nikaitika, "Abee!" Mkwe wangu alisikia, akashika mchi, anasema aliyemo humo ni maiti, je, nilivunje au nivue kaniki?

*

Marahaba, Mwanaisha. Pole, mwanangu, lakini nyumbani kwenu hakuna ajuaye kuhesabu? Kuku siku ishirini na moja, tausi ishirini na nane. Nimelea tausi miaka mingi hapa pwani. Mkwe wako amemzika mwanawe kwa hesabu ya kuku!

Barua imetembea siku kumi na nne, kwa hiyo kifaranga, kama mchi haukumfikia, ametoka. Mpe mchwa, mfunike asipate baridi. Lakini usijidanganye: yai halikumuua Husseni, wala halitamrudisha. Vua kaniki leo hii. Hakuna eda bila shahidi wa kifo. Muharami, badala ya kukutolea macho, apande Newala akawaulize waliorudi vitani nani alimwona nduguye mara ya mwisho. Asipoleta aliyeliona kaburi, hana cha kurithi. Somoe mpe heshima yake, ila mchi mfiche.

Kifaranga kulia ndani ya yai si ajabu, wote hulia. Lakini hulia sauti ya kifaranga. Hiyo uliyoisikia wewe na mkweo sijapata kuisikia, na barua yako nimeisoma mchana, mlango wazi. Umesema uliitika. Basi iwe mara hiyo moja. Husseni akikuita tena, hata kutoka shambani, nyamaza mpaka uuone uso wake.