Mume Wangu Anasema Niliponywa na Chaki

"Mtu aliyeponywa na chaki hakuwa mgonjwa." Sentensi hiyo imo ndani ya barua iliyo hapa chini, na mwenye kuisema anajiona amefunga mjadala. Hajafunga kitu. Ni sentensi ya uongo tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, na nitaivunja mbele yenu. Lakini kwanza msikilizeni mama huyu, maana nyumbani kwake hakuna anayemsikiliza.

*

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na uniwie radhi nikiandika ovyo, maana naandika huku nimetega sikio mlangoni. Mimi ni mke wa fundi magodoro. Mume wangu ananunua magodoro na mito ya zamani, anaichana, anatoa sufi na pamba iliyoshikana, anaipiga kwa fimbo mpaka inachambuka, kisha mimi nashona vitambaa vipya na yeye anajaza upya, na kazi yote hiyo tunaifanya nyumbani, chumba cha mbele ndilo duka, cha katikati ndiko anakopigia, cha nyuma ndiko tunakolala sote, kwa hiyo vumbi kwetu ni mwanafamilia, linakula nasi na linalala nasi. Tangu niolewe nikiamka napiga chafya mpaka machozi, pua imeziba, kifua kinapiga miluzi, na mume wangu si mtu mbaya, alikuwa ananitania tu, "Mke wangu ana redio kifuani, ya nini kununua nyingine?"

Mwaka juzi hospitali kubwa ikatangaza inatafuta watu wanaosumbuliwa na mzio wa vumbi la nyumbani ili wajaribu dawa, nikaenda. Nesi akanidondoshea matone mkononi, akanichoma kidogo kwenye kila tone, moja likavimba kama nimeumwa na nyuki, akasema mwili wangu unagombana na vijidudu jamii ya utitiri, vidogo hata macho hayavioni, vinavyoishi kwenye magodoro na mito, na kwamba wanajaribu kidonge chenye chembe za vijidudu hivyohivyo, unakiweka chini ya ulimi kila siku kiyeyuke, ili mwili uvizoee polepole uache ugomvi. Aliniambia wazi kwamba wengine wetu tutapewa kidonge hicho na wengine kidonge kitupu kinachofanana nacho, na hata yeye hatajua nani kapata kipi. Nikakubali. Sote tulipewa pia pampu ya kuvuta asubuhi na jioni, ile ya kuzuia kifua kisibane, naye akanifundisha namna ya kuivuta na kusukutua mdomo baadaye, kumbe zile nilizokuwa nanunua zamani nilikuwa napulizia ulimi tu. Na kila nilipokwenda aliniuliza, "Mama, umelalaje?" halafu akangoja nijibu.

Mshauri, nikapata nafuu ambayo sijawahi kuijua. Nilipanda ngazi bila kushika ukuta, nilishona huku naimba, mume wangu akawa anawaambia wateja, "Mnaona mke wangu? Nimemjaza upya." Utafiti ulipokwisha tukaitwa dirishani mmoja mmoja, karani akaniambia, "Mama, wewe ulikuwa kundi la kidonge kitupu, asante kwa kushiriki," akanipa mwavuli, akaita mwingine. Pampu nazo zikaishia hapohapo.

Nilimwambia mume wangu kwa sababu sijazoea kumficha. Alikuwa ameshika fimbo ya kupigia pamba, akaiweka chini, akacheka mpaka akakaa. "Kidonge kitupu, yaani chaki! Miaka yote hii mke wangu anaumwa ugonjwa wa chaki!" Shemeji yangu, anayemsaidia kubeba magodoro, akadakia, "Shemeji, ukizidiwa sema tu, shuleni kwa mtoto zimejaa. Nikuletee nyeupe au za rangi?" Nikacheka nao. Walipomaliza kucheka, mume wangu akabadilika uso, akasema, "Sasa umejishuhudia mwenyewe. Mtu aliyeponywa na chaki hakuwa mgonjwa. Na nisisikie tena unawaambia watu magodoro yangu yana wadudu." Tangu hapo hataki habari ya pampu, na ugonjwa umerudi wote, na mimi nikibanwa naenda kukohoa bafuni nimefungua maji.

Lakini siandiki kwa ajili yangu. Tuna binti mmoja, tunamwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hajanyamaza, anaigiza walimu wake, anajibizana na wateja, baba yake akimsikia anasahau hata bei. Sasa Chiriku anasema maneno mawili anapumzika, maneno mawili anapumzika, na kifua chake kinapiga miluzi kama changu. Baba yake anasema ananiiga. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," ananiambia, "wewe umemlea kwa kikohozi. Na mteja akisikia watu wanakohoa nyumba ya magodoro, atanunua nini?"

Juzi mchana wateja walikuwa mbele wanabonyezabonyeza bidhaa, nikaingia chumba cha nyuma kuchukua uzi, nikamkuta Chiriku amepiga magoti kitandani, uso wote ameuzamisha kwenye mto, ule ambao baba yake alimshonea kwa mkono wake mwenyewe siku ya kuanza shule, mabega yanapanda na kushuka, nikadhani analia. Nikamgeuza. Alikuwa anakohoa. Midomo ilikuwa imegeuka rangi kama ya jivu. Akaniambia kwa vipande, "Mama... nikikohoa humu... wateja... hawasikii."

Nilimkalisha wima nikamshika mpaka pumzi ikarudi, na kule mbele namsikia mume wangu, "Laini hilo, mama, ukilala unadhani uko juu ya wingu."

Nataka kumpeleka mtoto hospitali akapimwe, baba yake amekataa, anasema nitamfundisha ugonjwa. Na mimi sijui tena la kuamini. Kama mwili wangu ulidanganyika na kitu kitupu, pengine ulikuwa mwongo tangu mwanzo, pengine mtoto ameurithi uongo huo kutoka kwangu. Nimpeleke kwa siri? Nimtii mume wangu? Niambie mshauri, mimi ni mgonjwa au si mgonjwa?

Mke wa Fundi

*

Mke wa Fundi, dada yangu, mpeleke. Usimalize hata kusoma. Mvalishe viatu, mpeleke, haya mengine utayasomea kwenye benchi la hospitali. Mtoto aliyegeuka rangi midomo kwa kukosa pumzi hangoji majibu ya gazeti, na imeniuma kwamba wewe uliyemshika ulikaa chini kuniandikia mimi kabla ya kusimama kumpeleka.

Kama umeshafika, tuzungumze.

Umeniuliza kama wewe ni mgonjwa. Jibu umeliandika mwenyewe ukalipita kama mtu anayepita mlango wa nyumbani kwake. Mliopewa kidonge kitupu na mliopewa cha kweli, wote mlipewa pampu ya kuzuia. Kwa mara ya kwanza maishani ulikuwa unavuta dawa hiyo kila siku, na kuivuta inavyotakiwa, badala ya kupulizia ulimi. Kilichokuwa kitupu ni kidonge. Matibabu hayakuwa matupu. Pampu zilipokoma, kifua kikarudi kulia. Mimi si daktari, lakini nimesoma vya kutosha kujua kwamba fundi yeyote, hata wa magodoro, kitu kikiharibika baada ya kuondoa kipande fulani, anakitazama kile kipande kwanza.

Mumeo atasema sehemu ya nafuu ile ilikuwa ya moyoni tu. Sawa, nampa hiyo. Huenda kuulizwa "umelalaje" na mtu anayengoja jibu kulikupunguzia mzigo. Sasa na anijibu mimi: mtu aliyevunjika mguu, mama yake akimshika mkono, maumivu yanapungua. Je, mguu haukuvunjika? Tumwondolee bandeji tumwambie acheze mpira? Mwili unaofarijika si mwili unaodanganya. Na tone lile lililovimba mkononi mwako, alilivimbisha nani? Ngozi haijui kujipendekeza kwa nesi.

Tena wewe hukudanganywa. Uliambiwa wazi siku ya kwanza, ukakubali. Kidonge kitupu kinawekwa kwa sababu wanaopima dawa wanajua kwamba watu hupata nafuu kwa njia nyingi, na wanataka kuona kama waliopata cha kweli watapata nafuu zaidi. Mizani ina sahani mbili. Ulikaa kwenye moja ili dawa ikae kwenye nyingine, na bila watu kama wewe hakuna ambaye angejua kama inafaa kitu. Hiyo ni kazi ya heshima. Badala ya kuambiwa hivyo ulipewa mwavuli.

Sasa nikukaripie, maana unastahili. Ulicheka nao. Walikudhihaki kwa pumzi yako mwenyewe, ukacheka, kisha ukaenda kukohoa bafuni na kufungua maji. Unadhani Chiriku hakusikia yale maji? Mtoto hakuiga kikohozi chako, dada yangu. Aliiga namna ya kukificha. Na kwa kuwa bafuni ni kwako, yeye alitafuta pa kwake, akaenda kuzika uso ndani ya mto, mahali ambapo vijidudu vyenyewe vimejaa, akivuta humohumo ili baba auze. Nimeandika safu hii muda mrefu, nimegombana na wengi, na si rahisi kuniliza. Hapo nililia.

Mumeo simwiti mkatili. Mtu aliyemshonea mtoto mto kwa mkono wake anampenda. Ni mwoga. Anaogopa kwamba kazi aliyoijua maisha yake yote ndiyo inayombana mwanawe, na ameona ni afadhali mke awe mwongo kuliko yeye kuwa na hatia. Hana hatia, vijidudu hivyo vimo hata kwenye magodoro ya matajiri. Lakini ataipata hatia kesho, akiendelea kuziba masikio. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Msomee hapa, kwa sauti, na shemeji wa chaki akiwepo.

Usimpeleke mtoto kwa siri. Siri ndiyo iliyowafikisha hapo. Simama chumba cha mbele, hata kama kuna mteja, useme, "Nampeleka Chiriku hospitali," utoke. Hilo si ombi. Waeleze hospitali kila kitu: midomo, maneno mawilimawili, kazi ya magodoro mnayoifanyia nyumbani. Omba dawa ya kuzuia kwa ajili yenu wote wawili, na omba waangalie mnavyoivuta. Akibanwa tena akashindwa kumaliza sentensi, ni kukimbia naye palepale, iwe ni wakati wa kazi au wa usingizi. Kile kidonge cha chini ya ulimi usikitafute mitaani; kama kitamfaa, daktari atasema, na ni baada ya kifua kutulia. Mto ule utoe kitandani. Mwambie baba yake autoe yeye. Pamba ipigiwe nje, mbali na mlango, na aliyeishika fimbo afunge kitambaa puani. Mtoto asilale chumba kinachopokea vumbi la kazi, hata ikibidi duka lihamie nyuma. Na kuanzia leo kohoeni kwa sauti, mama na mtoto. Mteja atakayekimbia, na akimbie.

Na ninyi madaktari na makarani mlioendesha utafiti ule, msijifanye barua hii haiwahusu. Mama huyu aliwapa mkono mkauchoma, aliwapa ulimi wake kila siku, nanyi mkamrudisha nyumbani na neno moja, "kitupu," bila kumweleza maana yake na bila dawa iliyokuwa inamshikilia. Neno lenu likaingia katika nyumba ile likamfundisha mtoto kukohoa bila kusikika. Mlitaka kujua kama dawa inafanya kazi. Na neno lenu lilifanya kazi gani, hilo hamkutaka kulijua? Waiteni wote wa kundi lile, waje na waume zao, wake zao na mashemeji zao, muwaambie kwa maneno ya nyumbani kwamba walikuwa wagonjwa na bado ni wagonjwa, na muwape njia ya kuendelea na pampu. Anzeni na nyumba ya fundi magodoro. Anwani yake mnayo. Mliiandika wenyewe siku mlipouhitaji mkono wa mama yule. Nendeni.