Lazanya ya Mgonjwa

Shoga Toni, usinipigie. Nakuandikia nikiwa nimejifungia chooni, Darrell yuko sebuleni.

Si unakumbuka bosi wangu Marg alinipa ile likizo ya wanaopigwa nyumbani, niende mahakamani kuomba huyu bwana wangu azuiwe kunigusa? Darrell alidhani niko kiwandani napakia matunda.

Marg aliapa hatamwambia mtu. Na kweli hakusema. Aliwaambia wenzangu naumwa tu.

Naumwa tu, Toni.

Basi wakanionea huruma, wakapika lazanya, Noelene akaileta hadi nyumbani. Darrell akafungua mlango. "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Noelene akamuuliza. Mgonjwa. Noelene wa watu, anatabasamu na bakuli mkononi.

Mimi narudi jioni na sare yangu ya kazi, namkuta anakula. Hata sauti hakupandisha. "Kaa ule, mgonjwa. Ukishiba utaniambia ulikuwa wapi."

Nimechoka, shoga. Hata kuogopa kwenyewe kumenichosha.

Njoo na gari sasa hivi. Ukibisha hodi, sema Noelene amekutuma ufuate bakuli lake. Nitalitoa mwenyewe, mpaka ndani ya gari.