Muwati Wangu Mpakani

Ndhiwa, Jumanne

Eti mwanamke akipanda mti, mume wake hufa! Shemeji alinitupia hayo leo akiwa amesimama mpakani mwa shamba, panga mkononi. Tayari alikuwa ameshakata matawi ya juu ya muwati wangu wa maua ya manjano.

Nikamjibu, "Shemeji, ndugu yako tulimzika kabla sijapanda kitu. Sasa huu mti utamuua nani?"

Najua haogopi kifo cha mtu. Anaogopa mti mpakani, kwa sababu huku kwetu mti ndio shahidi wa shamba ni la nani.

Niliumia, sitajidanganya. Mti huo siumwagilii maji wala siuwekei mbolea, na bado ulichanua mahindi yakikauka. Na naogopa. Yeye na ukoo wake wakinifukuza hapa, mimi na watoto...

Lakini bwana huyo hajui kitu. Muwati hupunguzwa matawi maua yakishaisha, na yalikuwa yameisha. Amenifanyia kazi yangu bure. Utachipuka zaidi.

Maganda ya mbegu aliyoangusha nimeyaokota yote. Sasa hivi mbegu ziko ndani ya kikombe cha marehemu mume wangu, nimezimwagia maji moto zilainike. Kesho nazipanda mpakani kote.