Vidonge Siachi, na Macho Sitoi

3 Machi

Mwanangu kipenzi,

U mzima? Unakula? Huku kaka yako mzima, anakusalimu. Mkewe mzima, siku hizi tumbo linaingia mlangoni kabla yake. Binti yao Pilipili mzima, amepata pengo, anataka uje ulione. Shangazi yako mwenye nyumba mzima, na ulimi wake mzima zaidi.

Mimi namshukuru Mungu. Vile vidonge vya huzuni vimenitoa kitandani nilikolala tangu baba yako atutoke. Nimerudi kwenye cherehani. Ila macho yana ukungu, taa naiona imevaa duara la rangi, na paji la uso linauma. Nilikwenda kwa daktari wa macho. Akauliza, "Mama, unatumia dawa gani?" Nikasema situmii. Shangazi yako alikuwa kakaa ubavuni, na alishanionya nisimwaibishe kwa dawa za vichaa. Nimepewa miwani, haisaidii kitu. Usikasirike.

Mama yako

11 Machi

Shikamoo mama,

Mimi mzima, wasalimie wote. Nimekasirika! Muuza dawa wa hapa ameniambia baadhi ya vidonge hivyo hupanua mboni, na kwa watu wengine presha ya jicho hupanda ghafla. Mtu anaweza kupofuka, mama. Rudi kwa daktari wa macho leo hii, useme kweli. Na usiviache mwenyewe bila daktari, utarudi kitandani.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Wote wazima. Usinune kwa kimya changu, nilikatazwa kuinamia karatasi.

Nilikwenda peke yangu. Foleni imejaa, mlango wazi. Daktari kuuliza tu, nikajibu kwa sauti ya mnadani: "Natumia vidonge vya huzuni, na leo nimemeza!" Watu wote wakageuka. Bibi mmoja akaropoka, "Vinapatikana wapi, dada?"

Presha ya macho ilikuwa juu mno. Wamenitia matone, wakatoboa kwa mwanga kijitundu ndani ya jicho, maji yapate njia. Daktari wa huzuni naye kanibadilishia kidonge. Jicho la kulia salama. La kushoto limebaki na kiza pembeni, halitarudi. Hiyo ndiyo bei ya kunyamaza.

Shangazi yako kasikia habari za foleni. Kasema niache dawa au nihame. Nikamwambia, "Wifi, aibu yako haitungi uzi kwenye sindano. Vidonge siachi, na macho sitoi." Cherehani nimeshaifunga shuka, iko mlangoni.

Chumba chako kina dirisha la kumtosha mshonaji? Nijibu upesi, gari linakuja Jumamosi.

Mama yako