Bango la Edsel

Tacloban, 3 Machi 2011

Kwako Mama,

Hujambo, na presha je? Sisi tuko salama, ila Divina halali mpaka nimshike mkono.

Simu nimeitupa. Barua hii anakuletea binamu yangu, utingo wa basi. Akirudi mpe jibu. Nisamehe Mama, siwezi kuja kumlilia mwanao, mume wangu. Ofisini kwake wamenikataza. Waliomuua Edsel wanadhani wamemuua muuza unga mwenzao aliyewadhulumu. Wakijua alikuwa afisa wa polisi aliyejipenyeza kwao, watatutafuta mimi na mtoto, na mwenzake ambaye bado yumo kwao hatatoka hai.

Sasa kuna balaa jingine. Wake wa maafisa wana chama cha kusaidia wafiwa. Ni watu wema, wamekubali kumsomesha Divina mpaka chuo. Lakini wamechapisha bango kubwa, Edsel na sare yake, na Jumanne wanakuja kulitundika mlangoni pako. Nilipowatafuta, walikuwa wameshaondoka kuzungukia wafiwa wengine. Wakifika wazuie. Nakuomba sana.

Mwanao,
Marivel

Gandara, 5 Machi 2011

Marivel mwanangu,

Salamu nyingi. Presha iko pale pale, magoti ndiyo yamegoma. Mbusu Divina.

Barua yako nimeisoma nikaichoma. Sasa nisikilize na mimi. Huku hakuna msiba, kuna aibu. Jeneza liko sebuleni, kahawa inapoa, viti vitupu. Matanga ya wenzetu watu hujaa, wanacheza karata mpaka kunakucha. Ya Edsel wamekuja shangazi zake na mbwa wa jirani. Bi Pacing wa ng'ambo ya barabara anasema dukani, tena kwa sauti, "Muuza unga azikwe kimya kimya, watoto wasije wakaiga." Miaka yote hii nimemeza tu, kwa kuwa Edsel aliniambia, "Vumilia Mama, ipo siku utawaumbua." Siku yenyewe si ndiyo hii?

Bango hilo nalitaka, Marivel! Nalitaka kubwa kuliko mlango. Wewe bado kijana, utaolewa tena. Mimi nitamzaa wapi Edsel mwingine?

Mama

Tacloban, 6 Machi 2011

Kwako Mama,

Pole na magoti. Sisi tunaendelea hivyo hivyo.

Hilo neno la kuolewa limenichoma, lakini najua linakotoka, silijibu. Nilitaka kukukataza bango, nimeshindwa. Ni mwanao. Nakwambia hili tu: juzi kuna watu walifika kwenye nyumba tuliyohama, wakauliza mke wa Edsel kahamia wapi. Wameanza kushuku. Ofisini wanasema wauaji hao watatuma mtu kwenye matanga aangalie nani anakuja kutoa pole. Ukiona sura ngeni, kuwa macho.

Divina anauliza tunakwenda lini kwa bibi. Nimemwambia bado.

Mwanao,
Marivel

Gandara, 10 Machi 2011

Mwanangu Marivel,

Nisamehe kwa lile neno. Mimi nipo, nyinyi je? Divina anakula?

Walikuja kweli, vijana wawili, Jumanne mchana, na biskuti na heshima tele. "Pole Mama, tulikuwa marafiki zake." Wakakaa na karata zao mbele ya jeneza, nikawapa kahawa. Mmoja akaniuliza mjukuu wangu yuko darasa la ngapi siku hizi. Hapo nikajua.

Kabla sijamjibu, gari likasimama nje. Wakashuka akina mama wa chama, fulana za namna moja, magunia ya mchele, na bango limeviringishwa, wamelibeba begani. Mkubwa wao akaita toka barabarani, "Hapa ndipo kwa mama yake Afisa Edsel?"

Wale vijana wakaacha kucheza. Marivel, nililitazama lile bango na nilitamani nilikumbatie. Nikapiga kelele mpaka koo likauma: "Afisa gani? Mmepotea nyumba! Wangu alikuwa muuza unga, kijiji kizima kinajua! Muulizeni Bi Pacing yule pale!" Naye Bi Pacing, aliyekuwa akichungulia, akaitikia haraka, "Kweli kabisa, muuza unga huyo!" Niliyasema hayo mwanangu akiwa amelala pale pale, uso wake chini ya kioo cha jeneza.

Yule mama hakuelewa, akawa bado anasogea. Unajua mgeni wa matanga hatumsindikizi hata mlangoni, asije akavuta kifo kingine. Basi nikamshika mkono, nikamsindikiza na magoti yangu haya mpaka garini, kila mtu aone kuwa hakuwa mgeni wa mwanangu. Pale nikamnong'oneza, "Wamo ndani. Mtoto msomesheni, bango kalichomeni." Akapauka. Kisha akasema kwa sauti, "Tuwie radhi mama, tumekosea nyumba." Mjanja yule, Mungu ambariki.

Vijana walimaliza kahawa yao wakaondoka wanacheka.

Jana, Jumatano ya Majivu, tulimzika. Watu walipita wakitoka kanisani na majivu kwenye paji la uso, hakuna aliyesimama. Padri alisali haraka haraka. Nililia, lakini kwa kujibana, nisije nikaropoka jambo.

Usije huku, wala usiniandikie tena. Divina akikua akitaka kujua baba yake alikuwa nani, mwambie wewe. Akija kuuliza huku, ataambiwa nilichosema mimi.

Mama