Nilikanyaga Mafuta Kabla ya Bendera

Baba Zuhura, ndugu yangu,

Nakusalimu kama nilivyokusalimu kila asubuhi mlangoni pa duka lako la spea: umeamkaje? Wewe ulikuwa unajibu kabla hata hujageuka, "Injini imewaka, Mwalimu, bado miguu." Siku hizi mlango ule anaufungua Zuhura. Mafuta ya breki ameyashusha rafu ya chini kwa sababu hana urefu wako. Mengine ameyaacha ulivyoyapanga, pamoja na kile kiti ulichokifunga mguu kwa waya. Wateja wanakikwepa. Mimi bado nakikalia.

Nilikuwa nasubiri nikuandikie habari njema, kwamba mbio zetu za magari za Sigino zimeanza tena. Zimeanza kweli. Lakini katika mbio hizo za kwanza tangu tukuzike, mimi Baba Paulo niliiba mwanzo. Na aliyeumizwa ni binti yako. Mwili wake ni mzima, usishtuke. Kilichoumia ni jina lake, na mimi nilikuwepo likiumizwa nikanyamaza.

Nieleze kwa utaratibu. Unayajua haya kuliko mimi, lakini nivumilie. Ndiyo njia pekee ninayoijua ya kufika kwenye jambo gumu.

Walivuna mahindi, shamba likasawazishwa, njia ikamwagiwa maji asubuhi. Tulipanga magari wawili wawili kama ulivyotuzoesha. Mimi nilikuwa mstari wa mbele upande wa ndani. Zuhura alikuwa kando yangu, upande wa nje, na lile gari lako la bluu. Nyuma ya Zuhura alikuwa Bura, yule muuza maziwa wa Nangara, kisha wengine. Bendera yako ya kijani tulimpa Daudi wa matairi. Unakumbuka nilimfundisha fizikia kidato cha tatu? Amekuwa mtu mzima ana watoto, lakini akiniona bado anaficha sigara.

Pikapu ikatutangulia kwa ule mzunguko wa taratibu. Wageni huuona mzunguko ule kama maonyesho. Wewe uliwaambia kila mara kwamba mbio zinaanzia pale. Mnapasha matairi, mnaangalia kama kuna jiwe au mbuzi wa mtu, na mnazoeana mwendo. Pikapu ikichepuka pembeni, aliye mbele ndani ndiye anayeshika mwendo wa wote. Asiongeze wala asipunguze, mpaka bendera ishuke kwenye mstari wa chokaa. Sababu niliieleza mimi mwenyewe siku ile pale kwenye kibanda cha chai, nikapanga vikombe mezani: wa nyuma hawaoni bendera, wanaona vumbi na makalio ya gari lililo mbele yao. Wa kwanza akisitasita kidogo, wa pili anachelewa kidogo zaidi, wa tatu zaidi, na wa mwisho anagonga. Ukasukuma kikombe kimoja kikagonga vingine, chai ikamwagika kwenye suruali yangu. "Sasa umeelewa somo lako," ukasema.

Nililielewa, Baba Zuhura. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Pikapu ilipochepuka, nilipunguza mwendo. Kidogo tu. Zuhura naye akapunguza, kwa sababu ulimfundisha kwamba milango ya mbele iende sambamba kama watu wanaotembea wakizungumza. Alipopunguza yeye, mimi nikakanyaga. Mstari wa chokaa ulikuwa bado mbele na bendera ilikuwa bado juu. Daudi akaniona nimeshaondoka. Bendera nyekundu ilikuwa mkononi mwake mwingine. Alitakiwa kuiinua, turudi wote tujipange upya. Akashusha ya kijani.

Zuhura alikuwa akiingoja ile kijani. Bura, aliyeniona mimi nimetoka, akadhani tumeshaanza, akampiga kwa nyuma. Bati likabonyea juu ya tairi na tairi likapasuka. Zuhura akafanya kama ulivyotaka dereva yeyote aliyekwama afanye: akatoa mkono dirishani, akaunyoosha juu wenzake wauone, akajivuta upande wa nje karibu na uzio wa miiba. Nilipozunguka nikapita pale, gari limesimama na mkono bado uko nje, maana magari yalikuwa hayajaisha kupita. Niliuona vizuri. Nikapita. Nikaupita kila mzunguko, na mwisho nikashinda.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza pia. Ningependa kusema ni msiba, kwamba kuona boneti ya bluu pembeni yangu na wewe hupo kuliniondolea akili. Si kweli. Akili nilikuwa nayo. Nilitaka kushinda mara moja kabla magoti hayajakataa kabisa, na nilijua Daudi hawezi kuniinulia nyekundu. Hilo ndilo linalonichoma. Nilipunguza mwendo huku nikijua kwamba katika uwanja mzima hakuna aliyebaki wa kuniambia, "Wewe mzee, rudi."

Wewe ungenirudisha. Ulimrudisha yule tajiri wa malori mpaka akatukana, akaapa hatanunua kwako hata nati. Mimi nikakuambia ungemwachia, ni mteja mkubwa. Ukanijibu huku ukikunja bendera, "Dukani ni mteja. Huku ni gari namba tano." Kisha ukamwekea ile adhabu yako: mbio zinazofuata aanze nyuma kabisa, na mzunguko wote wa taratibu aendeshe mkono ukiwa nje ya dirisha, watu wamwone. Nilicheka sana siku ile. Nilisema ni adhabu ya watoto wa shule. Ukasema, "Ndiyo. Na wewe mwalimu unajua kwamba inauma."

Basi, baada ya mbio wakanipa zawadi, beberu mweusi mwenye ndevu kama zangu. Watu wakanishika mikono. "Hongera Mwalimu! Mzee bado chuma!" Bura alikwenda kumwomba Zuhura radhi, akajibebesha kosa lote. Daudi alikuja kwangu akaangalia viatu vyake. "Shikamoo Mwalimu. Umeanza vizuri." Nikamwitikia marahaba. Nikaitika marahaba, fikiria!

Pembeni vijana walikuwa wanamtania binti yako akifungua nati za tairi. "Dada, ulilala? Bendera imekupungia mpaka ikachoka!" Mwingine akasema, "Mwache bwana, anamsubiri mzee wake aje kuishusha." Wakacheka. Zuhura hakuinua kichwa. Aliendelea na spana yake. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kusikia kila neno, kamba ya beberu mkononi, na sikusema kitu.

Maneno yakaenda mbali kuliko utani. Wiki hiyo, pale kwenye chai, wenzetu wakaanza kusema Zuhura asiwekwe tena mstari wa mbele, anazubaa, ataua mtu. Mmoja akaenda mbele zaidi: labda apumzike kabisa, msiba bado uko kichwani. Waligeuka kuniangalia, maana mimi ndiye mkubwa na mimi nilikuwa kando yake. "Mwalimu, wewe ulionaje?" Nikasema tuliangalie jambo hili taratibu. Hilo ndilo jibu nililotoa.

Yule beberu alilia uani kwangu Bonga mchana kutwa. Mama Paulo akaniuliza, "Umemshinda nani mpaka unakaa na uso huo?" Nikavaa koti, nikaenda dukani kwako.

Nilimkuta Zuhura anahesabu plagi. Akaniamkia, akanipa kile kiti. Nilianza na maelezo, kuhusu mwendo, kuhusu vumbi, kuhusu macho ya mzee. Alinisikiliza kama ulivyokuwa unasikiliza wewe wateja wanaosema kifaa kiliharibika chenyewe. Mwishowe nikasema, "Nilikudanganya. Nilipunguza ili upunguze, kisha nikaondoka."

"Najua, Baba mkubwa," akasema.

Nikamuuliza kwa nini basi na yeye hakukanyaga, ilhali ameniona nimeondoka.

"Mimi nilikuwa naangalia bendera. Baba hakunifundisha kukuangalia wewe."

Hakulisema kwa hasira, ndugu yangu. Ingekuwa hasira ningeweza kuibeba. Alilisema kama mtu anayekutajia plagi ipi inaingia gari gani, kisha akarudi kwenye kazi yake. Nikamwambia nitamletea beberu. Akacheka kidogo, mara ya kwanza. "Nimfanyie nini? Mpeleke kwa Bura, amevunja taa zake mbili na amebeba kosa lisilo lake. Mimi niondolee tu yale maneno pale kwenye chai. Ulikuwepo yaliposemwa."

Alijua hata hilo.

Nilimpeleka beberu kwa Bura. Njia nzima mpaka Nangara alinivuta kama polisi. Kisha nikaenda kwenye chai wakati wote wapo, wale vijana wa utani wakiwemo. Nikawaambia wakae. Nilipanga vikombe tena, Baba Zuhura. Nilionyesha kikombe changu kilivyopunguza, kilivyotoka, na cha Zuhura kilivyobaki mahali pake sawasawa huku kikigongwa. Nikasema: huyu hakulala. Katika magari yote, yeye peke yake ndiye aliyeanza kwa haki. Mimi niliiba.

Mtu akakohoa. Mzee mmoja wa kwetu Mbulu akaanza kunisaidia, "Mwalimu, hayo yanatokea, umri..." Nikamwomba asinisaidie. Ndipo Daudi akasimama. Sauti yake ilikuwa ile ya kidato cha tatu. "Mimi niliona, Mwalimu. Nyekundu ilikuwa mkononi. Nikawaza, nitamrudishaje Mwalimu mbele za watu?"

Nikamwambia, "Ungenirudisha, Daudi. Niliitegemea heshima yako, nikaitumia kama ngazi. Samahani." Yule kijana aliyemtania Zuhura kuhusu bendera akainama. Kisha, unavyowajua, akaropoka, "Sasa Mwalimu mkono nje lini?" Wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, lakini masikio yalikuwa yanawaka moto. Bado yanawaka ninapoandika. Watu wananisalimia kwa heshima ileile barabarani, na kila shikamoo naisikia kama deni. Sidhani itaisha haraka. Pengine haitakiwi iishe haraka.

Wamekubaliana Zuhura aanze mbele, ndani, yeye ndiye ashike mwendo. Bati limenyooshwa, rangi bado. Daudi anabaki na bendera zote mbili, na nimemtaka aniahidi mbele ya wote kwamba gari langu kwake litakuwa namba tu.

Jumamosi hii nitakuwa nyuma kabisa, peke yangu kwenye mstari wangu. Nitaendesha mzunguko wote wa taratibu mkono ukiwa nje ya dirisha, kama ulivyomfanyia yule wa malori, na nitaunyoosha vizuri, sitauegemeza mlangoni. Nakuahidi hilo. Na nakuahidi kwamba siku nitakapoona binti yako anasemwa kwa kosa lisilo lake, sitasubiri niulizwe.

Sijawahi kuanzia nyuma. Kule bendera haionekani. Kuna vumbi tu, na gari lililo mbele yako, na lililo mbele ya hilo, mpaka mwanzo wa msafara ambako atakuwa Zuhura. Nitakapoona wameondoka, nitajua kwamba kijani imeshuka kweli, na sitahitaji kuiona.

Pumzika, Baba Zuhura. Mungu akupokee kwa jina tulilokuwa tukimwita wewe na mimi, kila mtu kwa lugha ya sala yake.

Ndugu yako,
Baba Paulo
Bonga, Babati